Jina la kitambulisho, mafuta ya nazi au Bi Tui? Kuchagua jina la akaunti ukiwa Mombasa

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na ilinukia nazi. Shangazi aliikunjua juu ya kaunta ya saiba yangu, duka la intaneti, hapa Mwembe Tayari, akailaza vizuri kwa kiganja. Majina matano, mwandiko wa bintiye. "Mwanangu, nichagulie moja hapa. Wateja waniuliza, 'Bi mkubwa, tukutafute kwa jina gani huko kwenye simu?' Nami nabaki kukodoa macho."

Shangazi hukamua mafuta ya nazi nyumbani kwake Kongowea. Miaka yote ameuza mlangoni, kwa watu wanaomjua. Siku hizi chupa zake zinapanda basi hadi Nairobi, na mteja wa Nairobi hana mlango wa kubisha hodi. Alitaka akaunti Instagram, TikTok, Facebook na X, pamoja na barua pepe, zote kwa jina moja. Karatasini kulikuwa na jina lake la kitambulisho (tuseme Fatma Ali, maana ni la kawaida kiasi hicho), jina la bidhaa, jina la mtoto, msemo wa leso (yale maneno ya kwenye kanga) na, chini kabisa kwa penseli, lakabu. Nimewafungulia watu akaunti kwa miaka 13, na karibu kila anayeingia hapa huja na moja kati ya aina hizo. Basi nitayapanga sambamba kama tulivyoyapanga siku ile, na wateja wengine nitawachomeka palipo na nafasi.

Tuanze na vipimo, kwa sababu majina mengi mazuri hufia hapo. X, ile ambayo wengi bado tunaiita Twitter, hupokea herufi 15 tu. TikTok ni 24, Instagram 30. Gmail hukataa jina lenye herufi chini ya 6, Facebook chini ya 5. Kisha kuna vikorombwezo: Facebook na Gmail hukubali nukta na kukataa ule mstari wa chini, X hukubali mstari na kukataa nukta, Instagram na TikTok hupokea vyote. Anayetaka jina moja kila mahali hubakiwa na herufi tupu na namba, kuanzia 6 hadi 15. Kiswahili chetu hakina habari na vipimo hivyo. "Mahamri matamu ya Mombasa" ukiyaunganisha ni herufi 22. Na ile alama ya ng' haipiti popote. Muuza papa wa ng'onda aliyekuja kwangu aliandika papangonda bila alama, na mpaka leo wateja wa bara humpigia wakimuulizia Papa Ngonda, kana kwamba ni mwanamuziki kutoka Kongo. Yeye mwenyewe ameshazoea, huitika.

Jina la kitambulisho

Nguvu ya jina hili huonekana wakati wa kulipa. Mtu aliye Nairobi, asiyewahi kukuona, anakutumia pesa kwa M-Pesa na jina lako linamtokea. Likiwa ndilo lile lile aliloliona kwenye akaunti, moyo hutulia. Likiwa jingine, wasiwasi huanza. Siku moja mama mmoja anayeuza kaimati alikuja mbio hapa, mteja amempigia kelele kuwa ametapeliwa, eti ametuma pesa kwa "mtu asiyemjua". Huyo mtu asiyemjua alikuwa mama mwenyewe, kwa jina lake la cheti, ambalo hata majirani hawalijui.

Udhaifu wake ni kwamba Mombasa majina ni yale yale. Fatma, Ali, Mohamed, Salim, Omar: ita mmoja wao Marikiti uone vichwa vitakavyogeuka. Wagiriama nao huwarithisha wajukuu majina ya mababu, kwa hiyo Kazungu na Charo wako tele. Fatma Ali tupu halikuwa wazi popote tulipojaribu. Programu ikatupendekezea lile lile likiwa na tarakimu nne nyuma, kama nambari ya mfungwa. Kuna na tahajia: Fatma, Fatuma, Fatima, Fatmah. Mteja aliyelisikia kwa mdomo ataandika lile la shangazi yake.

Kwa biashara ya chupa za mafuta, niliona halitoshi. Kwa ajira sina mjadala, ndilo la kutumia. Kijana mmoja wa Bamburi aliketi kwenye ile kompyuta ya pembeni tumtumie CV kwa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Nyali. Kila kitu kilikuwa sawa: vyeti, picha, shati limepigwa pasi. Nikafika pahala pa barua pepe, akanitajia kwa sauti ya chini: mpenziwawengi07. Aliifungua akiwa kidato cha pili. Tukaitazama pale kwenye skrini, herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, chini tu ya neno "Mtaalamu". Akaniuliza, "Kaka, haiwezi kufichwa?" Haiwezi. Tulifungua nyingine kwa jina lake, la baba na la babu, kazi ya dakika kumi. Majina matatu yakiunganishwa, nafasi ya kulikuta wazi huwa kubwa kuliko mawili, japo kwa X mara nyingi yatazidi herufi 15.

Jina la bidhaa

Mafutayanazi001. Herufi 12 na tarakimu 3, kumi na tano kamili. Kwa hesabu hii ndiyo lililoshinda, na bintiye alikuwa amelipigia mstari mara mbili. Mtu akilisoma anajua anauziwa nini, na anayetafuta mafuta ya nazi huenda akalikuta bila kumjua mwenyewe. Hiyo ni faida ambayo Fatma Ali hana.

Lakini lina mwiba. Neno nazi, ukiliweka ndani ya kifungu cha herufi zisizo na nafasi, mgeni hatasoma tunda. Pwani hii imezoea watalii wa Kijerumani tangu kabla sijazaliwa, na shangazi mwenyewe ana wateja wawili watatu wa huko wanaobeba chupa kila wanaporudi kwao. Ilibidi nimweleze habari za Hitler na chama chake, nikiwa nimesimama kando ya mashine ya fotokopi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sasa nazi yangu imemkosea nini?"

Hakuna ilichomkosea. Neno letu halina hatia yoyote, na kwa anayeuza Mombasa na Kilifi tu ningesema aliweke na asijali. Mwenye macho ya ng'ambo ndiye afikirie mara mbili. Bintiye, tulipompigia simu, akaja na dawa: badala ya nazi tuweke mnazi. Shangazi alishtuka kuliko alivyoshtushwa na Hitler. Kwa watu wa Kisauni na kuendelea kaskazini, ukisema nauza mnazi, umesema unauza tembo, ile pombe inayogemwa. "Astaghfirullahi! Nionekane mgema uzeeni?"

Jambo jingine la jina la bidhaa ni kwamba hukufunga kamba. Shangazi tayari alikuwa ameanza kutengeneza sabuni kwa mashudu na mafuta, na binti anataka waongeze achari. Namjua fundi wa Majengo aliyejiita kwa jina la viatu, sasa anashona mikoba, na kila wiki anajibu ujumbe wa kuulizwa soli. Biashara yenye kitu kimoja kisichobadilika, kama viazi karai au madafu, jina la bidhaa huifaa sana.

Na usiazime jina la duka la mwenzako ukaongeza herufi moja. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 28, inataja kosa la kujitwalia mtandaoni jina la mtu, jina la biashara au alama ya biashara ya mwingine bila haki. Faini yake ni hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Nawaambia hasa vijana wanaoniletea jina la mgahawa unaojulikana mjini wakisema "tutaweka tu z mwisho".

Jina la mtoto

Mama Fulani. Ni heshima, mtaani ndivyo tunavyoitana, na huficha jina la cheti bila kuonekana unajificha. Mwanamke anayepaka hina na piko majumbani, ambaye mumewe hapendi jina lake lizagae, hupata stara hapo. Wengine hupitia njia ya Umm au Bint, ni mle mle.

Mimi silipendi. Mtoto hakuulizwa. Ukiongeza picha ya sare ya shule na tuktuk inayompeleka, umewapa watu usiowajua ramani nzima. Na akifika miaka 13, umri ambao mitandao mingi huruhusu mtu kufungua akaunti yake, atakuta jina lake limeshauza magunia ya unga. Kama ni lazima, tumia jina la mtoto ambalo halimo kwenye cheti chake. Shangazi alilikata mwenyewe: bintiye mkubwa ameolewa na hataki tena kuwa tangazo la mafuta.

Msemo wa leso

Hapa ndipo nilipocheka. Binti alikuwa ameandika hasidihanasababu. Hesabu: hasidi 6, hana 4, sababu 6, jumla 16. Imezidi X kwa herufi moja! Hasidi ana sababu sasa.

Lakini wazo lenyewe si la kitoto. Ukienda Biashara Street kununua leso, hutazami rangi peke yake, unaisoma kwanza jina lake, maana ukiivaa mbele ya mke mwenzio au jirani mliyekosana, leso ndiyo itakayosema. Watu wa huku walizoea kusema kwa maandishi ya pindo zamani sana kabla ya simu. Kwa hiyo binti anayejiita wachawaseme (herufi 11, linaenea kila mahali) hajaiga mtu. Amevaa leso tu.

Kwa akaunti ya kupumulia, ya mashairi, ya vichekesho, ya kutoa dukuduku kuhusu siasa za kaunti, msemo ni mzuri kuliko jina lolote. Linabeba tabia na halitaji mtu. Kwa biashara ni baya: mteja mpya anayetaka mafuta ya nywele za mtoto hataki kuanza na ugomvi wako na mtu asiyemjua.

Anayetaka kujificha kweli, namshauri jambo ambalo ni kinyume cha ninalomwambia mfanyabiashara. Mfanyabiashara atumie jina moja kila mahali. Mfichaji asitumie jina moja mara mbili. Ukiwa wachawaseme kwenye X ukitukana, na wachawaseme kwenye Instagram ukiweka picha za harusi ya dada yako pale Makadara, umejifichua mwenyewe. Hata hivyo Mombasa ni ndogo. Namjua mmoja aliyegunduliwa kwa sababu ya neno moja analopenda kulirudia barazani. Jina lilikuwa la siri, mdomo ulikuwa ule ule.

Lakabu

Chini ya karatasi, kwa penseli hafifu: bitui. Nilimuuliza mbona hili limeandikwa kama deni. Akasema binti aliliongeza kwa kulazimishwa, analiona la kizamani. Zamani shangazi alikuwa akiuza tui la nazi mwezi wa Ramadhani, akilikuna na kulikama alfajiri, watu wakipita na vibakuli. Jina likamganda. Sokoni Kongowea ukimuulizia Fatma Ali utaonyeshwa wanawake saba. Ukimuulizia Bi Tui utaonyeshwa nyumba, na huenda ukapewa mtoto wa kukupeleka.

Lakabu ina sifa moja ambayo majina yale mengine hayana: imeshapita kwenye midomo ya watu. Imepunguzwa, imelainishwa, iliyokuwa ngumu kutamka ilikufa zamani. Ndiyo maana lakabu uliyopewa hushinda uliyojipa. Vijana wanaojipachika "mfalme" na "simba" wananijia kila wiki, na mara nyingi mfalme mwenyewe hana shilingi ya bando.

Bi Tui pia linanusa nazi bila kuitaja. Mtu wa Pwani akilisikia anaona kibao cha mbuzi na kifuu. Mjerumani haoni kitu, na hiyo ni nafuu. Sabuni ikija, linaibeba. Achari ikija, vilevile.

Kasoro yake ni ile ya M-Pesa: pesa zinakwenda kwa Fatma Ali. Dawa ziko mbili. Ya haraka ni kuandika wazi kwenye maelezo ya akaunti kwamba malipo hutokea kwa jina fulani. Ya kudumu ni kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha kuchukua namba ya till, ile ya M-Pesa ya kulipia biashara, kwa jina hilo. Halafu kuna lile jina la juu ya ukurasa, tofauti na jina la akaunti, linaloruhusu nafasi na herufi kubwa, ambalo hubadilishwa bila kuharibu anwani. Pale ndipo "Mafuta ya Nazi" yanapokaa kwa raha: Bi Tui, Mafuta ya Nazi, Mombasa. Anayetafuta bidhaa atayaona, na nafasi kati ya maneno imerudi mahali pake.

Tahadhari moja tu. Lakabu nyingine hazifai kutoka mtaani. Kuna fundi wa friji Tudor anayeitwa kwa ulemavu wa jicho lake, na yeye hacheki nalo. Hilo la kwao barazani libaki barazani.

Namba za mkiani

Bitui peke yake lina herufi 5. Facebook ingelipokea, Gmail ingelikataa. Ilibidi tuongeze kitu, na hapa watu huharibu jina zuri kwa pupa.

Mwaka wa kuzaliwa ndiyo tabia mbaya kuliko zote. Unatangaza umri wako, na kwa watu wengi ninaowajua, unatangaza nusu ya PIN. 254 ni namba ya nchi, inamfaa anayeuza nje. 041 ni ile ya simu za mezani za Mombasa, wazee huitambua papo hapo, vijana hudhani umekosea. 80100 ni ya posta, ndefu na baridi. 001 ndiyo kipenzi cha mji: tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipoziorodhesha kaunti 47, Mombasa ikiwa ya kwanza, utaikuta kwenye fulana, kwenye matatu, kwenye nyimbo. Ina fahari. Ina pia mtego, kwamba sifuri na herufi O ni ndugu wa kufanana, na matapeli wanalijua hilo.

Tukabakiwa na matatu: bitui001, bituiwakongowea (15 kamili, nilihesabu mara mbili) na bituimombasa.

Nina jaribio langu la mwisho, silitozi pesa. Mteja ampigie mtu aliye kwenye kelele, amtajie jina mara moja, asilitaje herufi moja moja, kisha tuone yule mtu ataandika nini. Sababu ni kwamba majina yetu husafiri kwa mdomo kabla ya kuandikwa: dirishani mwa matatu, kwenye sherehe ya kupamba bibi harusi, kwa shoga ya shoga. Na ukishaliandika kwenye lebo za chupa mia mbili, kulibadilisha si mchezo. TikTok hukuruhusu kubadilisha mara moja tu kwa siku 30, na jina la zamani ukiliacha mwingine aweza kuliokota pamoja na wateja wako.

Dadake shangazi alikuwa kwenye feri ya Likoni wakati ule. Tukaweka sauti juu. Kulisikika injini, mtoto akilia, mtu akiuza korosho.

"Niandikie bitui ziro ziro wani."

"Ziro ya herufi ama ya namba?"

Nikalikata. La pili.

"Bitui wa Kongowea. Lote pamoja."

Kimya. Kisha akatusomea alichoandika, na hakikuwa na w ya pili: kongoea, kama watu wengi wanavyolitamka. Shangazi mwenyewe akaongeza kwamba mwanawe anamwambia ahamie Mtwapa, sasa Kongowea itamfuata huko ya nini. Nikalikata pia.

"Haya, la mwisho. Bitui Mombasa."

"Bitui Mombasa," akarudia dada yake. Tukamsikia akigongagonga kioo cha simu. "Nimeandika. Lakini dada, hapana mtu hapa. Patupu."

Shangazi akanigeukia, karatasi ameshaikunja tena mara nne. "Basi ifungue upesi, mwanangu. Pana watu wengi kwenye feri hiyo."